Chumba cha Uani cha Bi Mwanahija

Niazimeni vichwa vyenu, maana changu kimechoka.

Mtaa mmoja mjini Tanga walikaa watu watatu. Kibwana alikuwa fundi chokaa. Akigonga ukuta kwa kidole anajua palipoanza kuoza. Shekue alikuwa na mkono wa kuotesha. Kijiti alichochomeka yeye hakikatai udongo. Bi Zuwena alikuwa na mdomo. Msicheke, mdomo nao ni kazi.

Jirani yao Bi Mwanahija, mjane, alirithi nyumba ya mawe ya babu yake, baraza mbele, bustani ya asumini nyuma. Masika fulani ukuta ukapasuka. Maofisa wa jiji wakasema nyumba ibomolewe kabla haijaua mtu.

Kibwana akagonga, akagonga, akasema maji ya bustanini yanapanda ukutani. Akachimbua chokaa iliyooza, akaziba kwa mawe na chokaa mpya.

Lakini chokaa haikauki palipo maji. Shekue akachimba mfereji, akaupandia migomba, ikayanywa maji yote, na asumini haikufa hata shina moja.

Kazi hizo zilitaka muda. Kila maofisa walipokuja kubomoa, Bi Zuwena aliwakalisha barazani, akawamiminia kahawa, akawasimulia walioolewa na waliozaliwa humo, mpaka wakaondoka wakisema watarudi. Walipokuja mara ya mwisho, ukuta ulikuwa umekauka. Wakaifutia nyumba hukumu.

Bi Mwanahija akafurahi hadi akajisahau. Pale barazani, mbele ya watu, akatamka: "Aliyeiokoa nyumba hii, chumba cha uani ni chake, akae bure maisha yake yote." Na neno la barazani halirudishwi.

Asubuhi akakuta magodoro matatu uani. Kila mmoja alijua kasemwa yeye. Kodi zimepanda, wote watatu wametakiwa kuhama walikopanga. Atakayekosa chumba ataondoka mtaani.

"Mama, bila mimi ungelala juu ya kifusi," Kibwana alisema kwa upole. Shekue akamkumbusha mfereji. Bi Zuwena akammiminia kahawa kama ile ya maofisa, na kahawa hiyo ilimuuma Bi Mwanahija zaidi.

Chumba ni cha mtu mmoja, na mwanamke halali pamoja na wanaume wasio mahramu zake. Akipewa Kibwana, nani atazibua mfereji masika ijayo? Akipewa Shekue, nani atajua ukuta ukianza kuoza? Akipewa Bi Zuwena, nyumba itasimama kwa maneno mpaka lini?

Bi Mwanahija amesimama uani na ufunguo, analia. Mimi nimewaza mpaka nimechanganyikiwa. Haya, ungekuwa wewe, ufunguo ungempa nani?