Firigisi ya Bata Mzinga wa Mzee Swalehe

Sogeeni karibu, na mwenye hasira zake aje nazo, hapa zitapata kazi. Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na kila mara watu wameondoka wamenuniana. Leo ni zamu yenu.

Palikuwa na jiko la shughuli huko Kondoa, jiko la wanawake waliopikia harusi na maulidi, na mkuu wao alikuwa Bi Mwajabu. Jiko lile lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuonja kabla mkuu hajaonja, kwa sababu kuna harusi moja wapishi walionja na kuonja tena mpaka nyama ikawafikia wageni nusu. Ya pili, firigisi ya ndege wa kwanza haiendi kwa bwana harusi wala kwa baba mwenye nyumba, hata kama kwake amezoea kuwekewa. Inaliwa na mkuu wa jiko, mbele za watu, nzima. Haikatwi. Kwa miaka thelathini aliila Bi Mwajabu peke yake.

Chini yake walikuwa wanawake watatu, na kila mmoja alikuwa na chake.

Mashavu alikuwa na moto. Aliupata Maskati, alikofanya kazi za ndani miaka sita. Nyumba ile walikuwa wakizika mbuzi mzima shimoni, juu ya mawe yaliyoiva kwa moto, amefungwa majani, na wakimfukua nyama inaachia mfupa yenyewe. Aliyechimba ni Mashavu, aliyewasha ni Mashavu, aliyefukua ni Mashavu, na mikono yake ilibaki na makovu hadi viwikoni. Alirudi Kondoa na begi moja na ujuzi huo. Miaka kumi na miwili akawa anachochea kuni za Bi Mwajabu, na watu wa mjini walimwita "yule wa kuni" mbele yake, kana kwamba hakupewa jina na mamaye. Alikuwa akicheka. Ndani hakuwa akicheka.

Zamda alikuwa na mchuzi. Alipika misheni kwa Sista Konsuelo, mtawa kutoka Meksiko, aliyekuwa akikaanga pilipili kavu, karanga, ufuta, mdalasini na kakao chungu, akavisaga, akavichemsha asubuhi nzima mpaka mchuzi ukawa mweusi na mzito. Kwao Meksiko mchuzi huo humwagiwa bata mzinga siku za sherehe. Zamda alikuwa na maneno mengi, na alikuwa na haki ya kuwa nayo, kwa sababu alijua vitu ishirini vinavyoingia mle na zamu ya kila kimoja.

Na Husna alikuwa na maji ya chumvi. Huyu ni binti wa kaka yake Bi Mwajabu, mdogo kuliko wote, jikoni ana miaka mitatu tu. Aliwahi kuwapikia watafiti wa Kanada waliokuja kuangalia michoro ya mapangoni Kolo. Hao walikuwa na sikukuu yao ya bata mzinga, na siku moja kabla walimlowesha kwenye maji ya chumvi, ili nyama inywe kwanza ndipo iende motoni. Husna aliona, akashika.

Basi Mzee Swalehe akawa anamwoza binti yake, na wakwe wanatoka Singida. Mzee alikuwa amejigamba kwao kwamba atawalisha bata mzinga. Bata mwenyewe alikuwa dume la miaka sita, gumu, linalotembea uani kwa majivuno kuliko mwenye nyumba. Likitoka jikoni halitafuniki, mzee ameaibika na jiko limekwisha.

Alhamisi Bi Mwajabu akawaita wote.

"Nimechoka," akasema. "Jumamosi firigisi siili mimi. Ataila aliyempika bata yule, na atakayeila ndiye mkuu wa jiko kuanzia siku hiyo. Husna ataandaa, Mashavu atapika, Zamda atafanya mchuzi."

"Sasa hapo aliyempika ni nani?" Mashavu akauliza.

"Atajulikana."

Mashavu hakulala vizuri siku mbili. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, na jambo moja tu alilotaka duniani lilikuwa lipo kwenye tumbo la bata.

Kwa kuwa kila mmoja aliitaka firigisi, hakuna aliyemwambia mwenzake anachofanya. Ijumaa Husna alimlowesha bata kimyakimya. Alipima vikombe kama wale watafiti, ila yeye alikuwa na chumvi ya mawe, na aliona haiyeyuki upesi, akaongeza. Akaongeza tena. Kuonja hakuruhusiwi.

Jumamosi alfajiri Mashavu akawa shimoni. Mawe yameiva, bata amefungwa majani ya mgomba na firigisi yake ndani. Hapo akamsikia Bi Mwajabu nyuma ya ukuta akimwambia Husna, "Mwanangu, nakuona utafika mbali." Mashavu akapandwa na hasira. Akachota makaa koleo zima, akayatupa upande mmoja wa shimo bila kuangalia, akafukia.

Zamda naye alisaga na kuchemsha asubuhi nzima huku akigombana na muuza karanga. Chumvi hakuitia. Misheni, chumvi ilitiwa na Sista mwenyewe mwishoni, na Zamda hakuwahi kupewa hata punje ya kutia. Kwa hiyo hakukumbuka kwamba inatiwa.

Adhuhuri wakafukua. Nyama ilikuwa imelainika mpaka paja likabaki mkononi mwa Mashavu, na dume la miaka sita lililokaa shimoni kwa muda wa saa saba halikukauka hata kidogo, kwa yale maji ya Husna. Lakini ubavu mmoja ulikuwa mweusi tititi. Zamda akaangalia, akasonya, akamwaga mchuzi wake wote juu, weusi ukafunikwa na weusi. Bi Mwajabu akachovya upawa, akaonja, akatikisa kichwa kukubali kama siku zote.

"Pelekeni."

Jamani, watu walikula! Nyama ilizidi chumvi, mchuzi haukuwa nayo, vilipokutana mdomoni vikawa kitu kimoja. Mama mkwe wa Singida alikumbatia sahani asinyang'anywe. Mzee Swalehe akaja jikoni mwenyewe, na nusu ya harusi nyuma yake.

"Nani kampika ndege huyu?" akauliza.

Bi Mwajabu alikuwa ameshika sahani yenye firigisi. Wote watatu wakajibu, "Mimi."

"Wewe ulimchoma!" Zamda akamgeukia Mashavu. "Bila mchuzi wangu ungewapelekea wageni mkaa!"

"Mchuzi wako hauna hata chumvi!" Husna akasema. Alikuwa ameshaifuta sufuria kwa kidole, maana sasa mkuu alikuwa ameonja. "Bila nyama yangu wangekunywa uji wa karanga!"

"Nyama yako!" Mashavu akafoka. "Nyama uliyoijaza chumvi hata punda asingeilamba! Bila moto wangu mngekuwa mnaitafuna mpaka kesho! Miaka kumi na miwili navuta moshi humu ndani, wewe una mitatu, na unaniita dada kwa mdomo tu. Bi Mwajabu, sema! Umeonja. Sema nani!"

Bi Mwajabu akaiangalia sahani.

"Sijui," akasema. "Mwaka juzi niliugua, tangu hapo ulimi wangu hausikii kitu. Naonja, nasikia moto na baridi tu."

Hata Mzee Swalehe aliangalia chini.

Mashavu akamsogelea. "Miaka miwili umetukataza kuonja, na wewe huonji? Miaka miwili tunawalisha watu kwa kubahatisha, na firigisi unakula?"

"Niliogopa kubaki bila kazi," akasema Bi Mwajabu. "Nikasirikie, mwanangu. Lakini leo sahani lazima itoke mkononi mwangu."

Mzee Swalehe, mtu wa kutaka amani, akaleta kisu. "Kateni vipande vitatu, yaishe."

Mashavu akakichukua kisu, akakitupa majivuni.

"Mzee, kesho kuna harusi nyingine. Kutakuwa na jiko moja, na mtu mmoja wa kusema weka, na toa, na onjeni. Ukinipa theluthi ya firigisi, kesho nitarudi kwenye kuni. Na hawa nao watajua ni mimi nitakayerudi kwenye kuni."

Zamda hakubisha. Husna alikuwa analia kwa hasira, lakini naye hakubisha.

Nami nawaambia ninyi mliokaa hapa, msinijibu haraka. Najua kuna mtu ameshasema moyoni, mpe Mashavu, kateseka sana. Lakini bata hakulainika kwa mateso, na aliyemchoma ubavu kwa hasira ni yeye mwenyewe. Mwingine amesema Husna, kwa kuwa bila maji yake lile dume lingekauka kama kuni. Huyo huyo alimwaga chumvi ya kuua. Mwingine Zamda, aliyeficha aibu ya wote. Naye mchuzi wake peke yake usingeliwa na mtu. Nao wote watatu wamesimama mbele yako wakikuangalia, na mmoja wao ana makovu mpaka viwikoni.

Bi Mwajabu amechoka kushika sahani. Amekukabidhi wewe. Haya, ungempa nani? Na ukishampa, utawaambia nini wale wawili?