Kamba Tatu za Mtamba Mmoja

Hadithi ninayo, ila sina mwisho wake. Mwisho mtautoa ninyi, kwa hiyo aliye na simu aizime, na anayependa kusinzia akae karibu nami nimfinye. Atakayekosa kipande kimoja atakuja kuamua ovyo, halafu lawama nibebe mimi.

Palikuwa na watu watatu katika mji mmoja wa Usukumani, kule ambako baiskeli hubeba maji, hubeba mkaa, hubeba hata bibi harusi, na siku ya mashindano hubeba heshima ya mtaa mzima.

Wa kwanza aliitwa Nyanzobe, mama aliyeuza vipuri vya baiskeli vya mtumba mnadani. Kipaji chake kilikuwa kwenye ncha za vidole. Akilikunja tairi mara moja na kulikwaruza kwa ukucha, anakwambia kama mpira wake bado una uhai au umekauka unangoja kukutupa mtaroni.

Wa pili aliitwa Jilala, fundi baiskeli. Kipaji chake kilikuwa viganjani. Kiraka alichokitia yeye, ukifumba macho na kupitisha kidole, hujui kimeanzia wapi wala kimeishia wapi.

Wa tatu aliitwa Gwisu. Zamani alikuwa mshindani hodari, hadi goti lilipomgomea. Kipaji chake kilikuwa kwenye kidole gumba. Akiminya tairi, anajua upepo umezidi au umepungua, na hajawahi kumiliki kipimo.

Sasa yupo na wa nne, na huyu ndiye aliyewaponza wote. Jina lake Milembe. Mungu alimpa miguu ya kukimbiza baiskeli, kisha akamwongezea moyo wa kushuku. Ukimsalimia kwa tabasamu, anajiuliza umemficha nini. Ukimsalimia umenuna, anajiuliza umesikia nini. Ukinyamaza ukapita zako, basi ndiyo umeharibu kabisa.

Msimcheke lakini, maana alikuwa na lake moyoni. Ile baiskeli ya mbio aliyoipanda ilinunuliwa kwa ng'ombe wa mama yake. Ng'ombe mmoja tu, jina lake Masika, hakuna mwingine. Siku Masika alipoondoka, mama alimfungua mwenyewe. Kamba yake akaitundika kwenye msumari karibu na mlango, na kila jioni alipochukua jagi kwenda kuomba maziwa kwa jirani, aliipita ile kamba bila kuitazama. Milembe aliona haya. Aliona haya hasa, hadi chai ya maziwa ikamshinda kunywa.

Mwaka huo zawadi ya mshindi wa kike ikatangazwa: mtamba wa maziwa, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, tena ana mimba. Milembe aliposikia, roho ilimpaa. Akaenda kuitazama baiskeli yake, na roho ikarudi chini. Matairi yalikuwa yamepasuka ubavuni, nyuzi nje nje.

Matairi mapya ya mbio yalikuwa ya bei ya kukatisha tamaa. Ya bei nafuu yaliyojaa madukani yalikuwa mazito na magumu, ya kubebea mkaa. Ukiyafunga utafika, lakini utakuta watu wameshakula pilau wamelala. Akaenda mnadani kwa Nyanzobe.

Nyanzobe alichakura kwenye rundo, akatoa jozi moja ya matairi membamba. Akalikunja la kwanza, likakunjika kama kitambaa.

"Haya ndiyo yako, mwanangu. Ona ubavu wake ulivyo laini, nyuzi zake ndogo ndogo, zimebanana. Tairi la hivi linalala na barabara, halipigani nayo."

Milembe akataja bei aliyoiogopa. Nyanzobe akacheka, akataja yake, na ilikuwa ndogo kuliko hiyo.

Machale yakamcheza Milembe papo hapo. "Mbona rahisi hivyo, mama?"

"Kwa sababu moja limechanika, hapa, tazama. Sikufichi. Likitibiwa vizuri litakupeleka. La pili zima kabisa, hilo ulifunge mbele, maana la mbele likikusaliti unaanguka na meno yako."

Mwingine angeshukuru, alipe, aondoke. Milembe alisimama pale anamkagua yule mama usoni. Muuzaji anayekuonyesha kasoro mwenyewe! Kuna kasoro gani nyingine, kubwa zaidi, ambayo hakuionyesha? Na Wande, mpinzani wake wa ng'ambo ya reli, si naye hununua hapa hapa?

Akarudi nyumbani mbio, akarejea na kisu na kamba ya Masika.

Hapo niwaeleze jambo. Watu wa mji ule ng'ombe hawamuahidi kwa mdomo mtupu. Ukitaka mtu akuamini, unamkatia kipande cha kamba. Siku ng'ombe akipatikana, anakuja na kipande chake, anamfunga, anaondoka naye, na hakuna wa kumzuia.

Milembe akakata kipande, akampa Nyanzobe. "Kama matairi haya ni mazuri kama unavyosema, nikishinda, mtamba ni wako."

Nyanzobe alikitazama kile kipande. Akakitia kwenye mfuko wa aproni yake, hakusema asante wala hakukataa.

Hesabu ya Milembe mnaiona? Alijiambia: nikimfunga na mtamba, hawezi kunichezea rafu, maana nikianguka naye anakosa. Kuhusu mama atapata nini, akasema hilo nitalijua mbele ya safari. Kwanza nishinde.

Tairi lililochanika likaenda kwa Jilala. Fundi akaligeuza ndani nje, akasugua kwa msasa, akakata kipande cha tairi jepesi lililozeeka, akakichonga kingo hadi zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kisha akasema, "Niachie. Gundi inataka kulala. Njoo kesho."

"Kesho? Si ubandike tu nikione?"

"Nikibandika haraka, utakiona pia kikibanduka."

Milembe akaondoka shingo imegeuka nyuma. Kwenye kona akajibanza nyuma ya kibanda cha vocha. Haukupita muda akamwona Limbu, kaka yake Wande, anaingia kwa Jilala. Wakanong'ona. Limbu akatoa mkono mfukoni, akaurudisha mfukoni. Alitoa nini? Alirudisha nini? Kutoka pale huwezi kujua.

Limbu alipotoka tu, Milembe akaibuka, akakata kipande kingine cha kamba. "Fundi, shika hiki. Kiraka kikinifikisha, mtamba ni wako."

Jilala akatoa macho. "Mtamba? Wa kwangu?"

"Wa kwako. Usimwambie mtu."

Jilala akakipokea kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa likimtoka, na Milembe akaliona, na usiku mzima jasho lile halikumtoka kichwani.

Kesho yake akachukua tairi. Akafumba macho, akapitisha kidole. Hakuhisi kitu. Badala ya kufurahi akanuna: kiraka kisichoonekana, utajuaje kama kipo?

Siku ya mashindano ikafika. Ngoma, vumbi, filimbi, wanawake wanauza mihogo, mshereheshaji anapiga kelele kwenye spika. Milembe alikuwa ameyajaza matairi yake mpaka yakawa magumu kama jiwe, kama walivyofanya wote. Akaegesha baiskeli, akaenda kuchukua namba yake ya mgongoni. Aliporudi alikuta mtu amepiga goti kwenye gurudumu lake la nyuma, na upepo unatoka: psssss!

Alikuwa Gwisu. Na Gwisu huyu, sikilizeni vizuri, alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake.

"Shemeji! Unanimaliza!"

"Nakusaidia. Barabara imemwagwa kokoto mpya mpaka darajani. Tairi likiwa jiwe litarukaruka kama mbuzi, na kila likiruka unapoteza mwendo. Na kiraka chako cha nyuma kitapigwa mpaka kiachie. La mbele nimeshalipunguza; hili nalo acha lilale."

"Nani kakutuma?"

"Kidole gumba changu."

Milembe akamkodolea macho. Wiki hiyo hiyo alikuwa amemwona shemeji yake akinywa soda na nani? Na Limbu! Soda mbili, kicheko kimoja. Lakini waendeshaji walikuwa wameshaanza kuitwa mstarini, na pampu ilikuwa mbali. Akatoa kipande cha tatu cha kamba, alichokuwa amekikata nyumbani asubuhi ile kwa tahadhari.

"Nikifika salama, shemeji, mtamba ni wako. Nikianguka, nitajua ni wewe."

Gwisu akakichukua, akatabasamu upande mmoja. Tabasamu lile Milembe hakulipenda hata kidogo.

Wakaondoka. Kwenda darajani, Milembe aliendesha akisikiliza tairi la nyuma kuliko alivyosikiliza pumzi yake. Likikwaruza, anasema Jilala huyo. Likinesa, anasema shemeji huyo. Lakini matairi yalilala na barabara kama Nyanzobe alivyosema. Wenzake kwenye zile kokoto walikuwa wakirushwa huku na huku, yeye anateleza tu mbele. Kwenye kona ya daraja Wande, aliyekuwa akiongoza, aliruka, akateleza, akaingia majanini na baiskeli yake. Hakuumia zaidi ya magoti na majivuno. Milembe akapita. Kurudi akakanyaga kama anayefukuzwa, na kweli alijiona anafukuzwa, na watu watatu. Akafika wa kwanza.

Vigelegele! Watu wakambeba juu juu. Jilala akalivua tairi la nyuma mbele ya watu: kiraka kizima, hakikusogea. Nyanzobe akalikunja: mpira laini, hakuna ufa. Gwisu akaminya: upepo uleule aliouacha.

Mshereheshaji akamleta mtamba, amemshika pembe. "Mshindi alete kamba, amchukue mnyama wake!"

Wakatoka watu watatu kwenye umati, kutoka pande tatu, kila mmoja na kipande. Wakatazamana. Milembe akatamani kokoto zile zimmeze.

Nyanzobe akaanza. "Bila tairi langu, kiraka kingetiwa wapi? Na nikwambie, Milembe, ningekuuzia yaleyale hata bila hii kamba. Nilikuonyesha kasoro kabla hujaniahidi kitu. Kamba yako ilinitukana. Lakini uliikata, na mimi nimeileta."

Jilala akakohoa. "Bila kiraka changu, lile tairi lingepasukia darajani. Nami nitasema kweli, maana mtamba yupo hapa ananitazama. Limbu alikuja na pesa, nikiache kiraka kilegee. Nikamwambia nitafikiri, na kweli nilikuwa nafikiri. Kisha akaja huyu binti na kamba. Nikaacha kufikiri."

Watu wakaguna. Milembe akamkazia macho Jilala. Kumbe alishuku sawa! Kisha akamtazama Nyanzobe, akaona kumbe pia alishuku vibaya.

Gwisu akasema, "Bila kidole changu, tairi na kiraka vingekuwa majanini pamoja na Wande."

Hapo Limbu akaruka kutoka kwenye umati, mshipa wa shingo umesimama. "Mwongo huyu! Si ndiye aliyetuambia tujaze mpaka liwe jiwe? Alikunywa na soda yangu!"

"Uliniuliza watu wanajaza kiasi gani," Gwisu akajibu taratibu. "Nikakwambia wanajaza mpaka liwe jiwe. Wanajaza au hawajazi? Soda nilikunywa kabla sijapewa kamba yoyote. Nilikuwa upande wa shemeji yangu tangu zamani, ila yeye hakuniuliza. Alinituhumu tu."

Ikawa vurugu. Wa upande huu wanasema mtamba apewe aliyekuwa mwaminifu bila kuahidiwa. Wa upande ule wanasema hapana, apewe aliyeshindana na tamaa yake, huyo ndiye aliyefanya kazi ngumu. Wengine wanasema Gwisu, maana alimpenda zaidi. Wengine wanasema Gwisu huyo huyo anyimwe, maana njia aliyopita imepinda. Na wapo waliouliza: miguu iliyokanyaga ni ya nani? Mshereheshaji akalia, "Jamani, nimechoka kushika pembe!"

Ndipo umati ukaachana katikati, akaja mama yake Milembe. Mkononi alikuwa na kile kilichobaki kwenye msumari: kipande cha kamba kifupi, hakizidi kiganja, hakiwezi kumfunga hata kuku.

Milembe akamkimbilia. "Mama, nisamehe. Nilitaka kukurudishia Masika. Niliogopa wataniangusha, nikawaahidi, nikawaahidi..."

"Nilijua," mama akasema. "Kila siku nilipoipita niliiona inapungua. Nikasema mwanangu ana sababu zake, sikukushuku." Akawageukia wale watatu. "Mimi sijaahidiwa chochote. Nimesikia mnahitaji kamba, nikaleta iliyobaki."

Akakiweka kile kipande kiganjani mwa binti yake, akarudi nyuma akasimama na watu wengine, jagi lake la maziwa kwapani.

Mtamba bado yuko pale, mshereheshaji bado ameshika pembe, na kamba iliyo mkononi mwa Milembe haitoshi. Ili amfunge lazima achukue kipande cha mmoja wa wale watatu, na huyo ndiye atakayeondoka naye. Au amgeukie mama yake, avunje ahadi tatu mbele ya mji mzima. Sasa usinitazame mimi, nimeshasema mwisho sina. Je, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Milembe, ungempa nani ng'ombe yule? Na hao wengine ungewatazamaje usoni kesho, tairi lako likipata pancha?