Harusi Isiyo na Sare Mpya

Bwana Mhina alikuwa ameshakula pilau, ameshashika kipaza sauti na ameshaanza kumpa bibi harusi nasaha za ndoa, ndipo alipomtazama vizuri na kugundua kuwa hamjui.

Akamtazama bwana harusi. Naye hamjui. Akatupa macho meza nzima ya ndugu. Wote wamevaa kitenge cha zambarau chenye maua ya njano, sawasawa na shati lake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona.

"Endelea, baba mdogo," mshereheshaji akamhimiza.

"Nimemaliza," alisema Mhina. "Mungu awabariki, popote mnapotoka."

Harusi aliyoalikwa ilikuwa ukumbi wa pili, upande wa pili wa ukuta. Kamati mbili zilinunua kitenge kwa mwenye duka mmoja, ambaye aliiapia kila kamati kwamba kitambaa hicho hakina mwenzake Korogwe nzima. Waliosimama mlangoni hawakumwuliza Mhina jina. Waliliona shati, wakamkokota hadi mbele.

Mhina alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Lubumbashi aliijua, Lusaka aliijua, Bujumbura alishapotea na akajikuta. Kupotea mjini kwao, tena kwa umbali wa ukuta mmoja, huo ulikuwa ufundi mpya. Alijicheka njia nzima.

Kicheko kilikatika kesho yake, alipompelekea dada yake mkubwa, Bi Mwanamvua, kitambaa kingine. Safari hii ilikuwa sare ya harusi ya binti wa Mhina mwenyewe, Mwantumu.

"Nini hiki?" Bi Mwanamvua aliuliza.

"Sare, dada. Kijani. Kamati imesema ndiyo wanayoitaka upande wa bwana harusi."

"Njoo chumbani."

Chumbani kulikuwa na sanduku la bati. Bi Mwanamvua aligusa kikomeo tu, mfuniko ukaruka wenyewe, vitenge vikafura kama mandazi.

"Hii ya harusi ya kina Mgaya. Hii ya kicheni pati ya jirani. Hii ya ubarikio wa mtoto wa mwalimu. Kila moja nimeivaa mara moja. Ukivaa sare ya harusi ya huyu kwenye harusi ya yule, unaambiwa umeleta dharau. Basi zinalala humu, mpya kabisa, na mimi naletewa nyingine. Ili nilifunge sanduku hili inabidi nilikalie, Mhina. Mifupa yangu imechoka kukalia nguo. Nimekataa."

"Umekataa harusi?"

"Nimekataa sare. Mkinipokea na nguo nilizonazo, nakuja. Msiponipokea, nisalimie watu."

Mhina alitafuta mzaha wa kumlainisha, akaukosa. Mkewe alifariki Mwantumu angali anatambaa, na yeye wakati huo alikuwa barabarani. Aliyemlea mtoto ni huyu dada. Na kwa desturi ya ukoo wao, bibi harusi hatoki nyumbani kwa baba yake mpaka shangazi amshike mkono amvushe kizingiti. Mwantumu alikuwa na shangazi huyo mmoja tu.

Alipomweleza bintiye, Mwantumu hakusita. "Baba, kama shangazi haji, mimi sitoki. Mwambieni bwana harusi anisubiri."

Mhina akaiendea kamati, akaomba sare ifutwe, kila mtu avae nguo aliyonayo. Mwenyekiti wake, Mama Sefu, alikuwa mwanamke mkali mwenye moyo mzuri, ila moyo huo aliuweka mbali wakati wa vikao.

"Kila mtu aje na lake?" Mama Sefu alishangaa. "Baba Mwantumu, tunafanya harusi au gulio? Wakwe zetu wa Muheza watasema tumewapa mtoto wa watu walioshindwa."

"Sikiliza, Mama Sefu. Niliwahi kulaza lori kando ya mto, mbali huko, chini kidogo ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Asubuhi maji ni mekundu, jioni ya buluu. Kulikuwa na mama amepita na ndoo kichwani, anatoka kuteka mbali kabisa. Nikamtania, 'Mto wenu una rangi nzuri.' Akanijibu, 'Sisi huku tunajua mtavaa nini kabla hamjavaa.' Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Nimesimulia kisa hicho kila kituo cha mafuta nilichopita. Jana nimesimama mbele ya sanduku la dada yangu, nikaona ule mto umo mle ndani, umekunjwa vizuri. Umevaliwa mara moja."

Hakuna aliyecheka. Wajumbe wawili waliangalia chini. Bila shaka nao walikuwa na masanduku yao.

"Sawa," Mama Sefu alisema hatimaye. "Nenda Muheza ukawaambie mwenyewe. Mimi uso huo sina."

Mhina akaenda. Mama wa bwana harusi, Bi Asmini, alimpokea kwa machungwa yaliyomenywa na tabasamu pana. Mhina alikula chungwa la kwanza bila kuhisi ladha.

"Mkwe, nimekuja kwa habari ya sare."

Tabasamu lilitoweka. "Sare imefanyaje?"

"Upande wetu tunaiomba isiwepo. Kila mtu avae sare ya zamani aliyonayo, ya harusi yoyote ile. Kama tumewavunjia heshima, nisemeni mimi. Mtoto msimseme, hana kosa."

Bi Asmini aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mhina alisikia kunong'ona. Sauti moja, kisha nyingi. Aliwahi kushuka milima na lori lenye breki zinazokohoa, lakini hakuwahi kuogopa namna hii. Alianza kupanga maneno ya kumwambia Mwantumu. Kila sentensi ilianza na "mwanangu," na haikwenda mbele zaidi ya hapo.

Mara ndani kikalipuka kigelegele.

Mlango ulifunguka, Bi Asmini akatoka mbio, nyuma yake wanawake wawili, mmoja akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mkwe, umetuokoa!" Bi Asmini alisema. "Mawifi zangu hawa wameisusa harusi kwa sababu ya hiyo kijani yenu. Nyumba haikaliki!"

"Kijani yetu? Si mlichagua ninyi?"

"Sisi? Tuliambiwa ndiyo mnayoitaka ninyi!"

"Sasa mbona hamkusema?"

"Tuliwaogopa."

"Mlituogopa? Mama, kwetu kamati nzima hailali kwa kuwaogopa ninyi!"

Wakatazamana. Kisha Mhina akacheka mpaka akashika ukuta, na chungwa la pili alilila lote, akaomba na la tatu.

Siku ya harusi watu walikuja nyumbani kwa Mhina wamevaa miaka yote. Palikuwa na zambarau, kahawia, na samawati iliyovaliwa enzi ambazo mabega ya magauni yalimtangulia mvaaji kuingia mlangoni. Walionenepa waliongeza kipande cha kitambaa ubavuni. Walioshindwa kufunga vifungo, Mhina akiwa mmoja wao, walisema ni koti.

"Hee! Hiyo si ya harusi yangu?" mwanamke mmoja alipiga kelele, akamkumbatia mwenzake ambaye hawakuwa wameonana tangu siku hiyo. Kila meza ilikuwa na kisa chake. Mshereheshaji alikosa la kufanya, akaenda kula.

Saa ilipofika, Bi Mwanamvua alitoka chumbani ndani ya kitenge kilichokaa sandukuni tangu Mwantumu akiwa shule ya msingi. Akamshika mkono binti yule, akamvusha kizingiti taratibu, bila kumwachia mpaka garini. Mhina alipumua kama gari zito lililomaliza mlima.

Mama Sefu naye alikuwa amevaa ya zamani, na alikuwa amesifiwa tangu asubuhi. Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti. Alivuta kiti karibu na Bi Mwanamvua, sahani mkononi.

"Dada, leo nimekubali, imependeza. Ila tuwekane sawa mapema. Mwanangu anaoa karibuni. Na yeye sare yake itakuwa nini?"

"Nguo," alisema Bi Mwanamvua, akaendelea kula.

Funzo: Kabla hujanunua nguo mpya kwa kuogopa macho ya watu, waulize watu hao, huenda nao wananunua kwa kukuogopa wewe. Nguo iliyomo sandukuni imeshakula pamba, maji na jasho la mtu, basi ivae mpaka ichoke yenyewe.