Kibao Kisicholia cha Tecla Mkude

Kaeni vizuri, nina kesi. Nimeigeuza huku na huku mpaka kichwa kimeniuma, nikaona niwaletee nyinyi mnaopenda kuamua mambo ya watu.

Tecla Mkude wa Morogoro, mama wa miaka sitini na moja, alijaliwa vidole. Alitunga na kupiga jazi kwenye piano kuukuu ya ukumbi wa parokia, na waliomsikia hawakuondoka mapema. Hamduni, fundi wa kurekodi, alijaliwa shingo ngumu: akishaamua jambo, mwache tu. Mwalimu Andulile wa Iringa, aliyeandika uhakiki wa muziki gazetini, alijaliwa subira. Albamu ambayo wenzake waliisikiliza mara moja huku wakinywa chai, yeye aliirudia mara kumi.

Basi Tecla alitunga wimbo wa kumkumbuka mama yake, aliyetoka asubuhi kwenda gulioni na asirudi tena. Sasa, ile piano ilikuwa na kibao kimoja upande wa kushoto kisicholia, maana waya wake ulikatika zamani. Tecla alizoea kukiruka. Siku ya kurekodi majonzi yalimzidi, akasahau, na kidole cha noti ya mwisho kikaangukia pale pale. Sauti nzito haikutoka. Ilisikika mbao tu, ko, basi.

"Futa hiyo, mwanangu," Tecla akasema. "Nimeharibu."

"Rudia ukitaka, mama," Hamduni akajibu. "Ila hii siifuti."

Tecla akarudia mara mbili, safi kabisa. Albamu ilipotoka, Hamduni alikuwa ameweka ile yenye kosa, bila hata kumuuliza. Mama wa watu alikasirika hasa. Alimnunia masika yote, na wakikutana sokoni alijifanya anachagua nyanya.

Wahakiki wawili waliandika kwamba mpigaji ni hodari lakini mzembe. Watu wakaipita ile albamu miaka miwili. Ndipo ikamfikia Mwalimu Andulile, naye akaisikiliza siku nne, kisha akaandika: "Tunaisubiri noti ya mwisho kama watoto wanavyomsubiri mama arudi nyumbani, na haiji. Nimesikiliza jazi miaka thelathini. Huu ni wimbo wa kwanza ulionifanya nishindwe kuinuka kitini."

Tecla aliisoma habari hiyo akiwa amesimama dukani. Alirudi nyumbani, akausikiliza wimbo wake mpaka mwisho kwa mara ya kwanza, akalia. Halafu akampigia Hamduni simu, akamwambia aje kula. Wiki hiyo hiyo watu walianza kuuomba redioni.

Haukupita muda, Chama cha Wapenzi wa Jazi kikawatumia Tecla, Hamduni na Mwalimu barua na fomu moja. Walikuwa na piano mpya, moja tu, kwa ajili ya "mtu mmoja aliyetupa mwisho ule wa wimbo." Watatu hao wakubaliane wenyewe, wajaze jina.

Hapo ndipo pagumu. Piano ya parokia ilikuwa imeliwa na mchwa, mwisho wa mwezi ingevunjwa, na Tecla alikuwa na nyimbo nane kichwani na hana pengine pa kuzipigia. Hamduni naye aliitamani piano studioni kwake, ili kila mwanamuziki wa mji apate pa kurekodia. Na Mwalimu Andulile alikuwa na wanafunzi wa piano wanaozoeza vidole kwenye vibao vilivyochorwa juu ya boksi.

Wakakutana kwa Tecla.

"Wimbo ni wako, dada," Mwalimu akaanza. "Mimi nilisikia tu."

"Nilitaka ufutwe," Tecla akasema. "Ningesikilizwa mimi, msingeujua kabisa."

"Mimi niliutunza ukalala miaka miwili," Hamduni akasema. "Mwalimu ndiye aliyewafungua watu masikio."

"Ningewafungua kwa kitu gani, kama wewe ungetii?"

Walizunguka hapo hapo saa nzima. Mwisho wakakata shauri wapige kura, kila mmoja aandike jina moja, lisiwe lake. Vikaratasi vikafunguliwa. Tecla alikuwa amemwandika Hamduni, Hamduni amemwandika Mwalimu, na Mwalimu amemwandika Tecla. Walicheka mpaka chai ikapoa.

Hamduni akasogeza fomu. "Jaza wewe, mama. Lolote utakaloandika, sisi tumeridhika. Si ndiyo, Mwalimu?"

"Kwa moyo mweupe," Mwalimu akasema.

Tecla akashika kalamu. Aliitaka piano ile kuliko kitu chochote, na hakujidanganya kuhusu hilo. Akiandika jina lake hakuna atakayemlaumu. Wimbo umetoka moyoni mwake na kosa limetoka kidoleni mwake. Lakini je, mwisho ule aliwapa yeye, ambaye hakuutaka? Au ni wa Hamduni, aliyekataa kuufuta akamkosea adabu? Au ni wa Mwalimu, ambaye kabla yake kila mtu alisikia uzembe tu? Aliwatazama wenzake wawili, na alifurahi kuwa nao, na hilo halikumsaidia hata kidogo kuamua.

Fomu inaondoka na basi la saa nane. Sasa ni saa saba na nusu, na mstari ni mmoja, wa jina moja. Haya, waamuzi wangu, msitazamane. Kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?