Ukurasa wa Tisa

Ndugu zangu, kabla sijasimulia nikiri langu. Kuna Jumapili nilimwona mzee wa kanisa akifungua somo lisilo la siku ile. Tulikuwa benchi moja. Nikanyamaza ili aaibike mbele ya watu, na akaaibika. Mungu anisamehe. Kisa hiki nilichosimuliwa ndicho kilichonichoma.

Profesa mmoja, Semboja, alifundisha fizikia chuo kikuu. Hakuwa na mitambo. Kazi yake ilikuwa penseli na karatasi, akitafuta kwa hesabu tupu kwa nini madini fulani yakipozwa sana hupitisha umeme bila kizuizi.

Idarani kwao palikuwa na desturi: hesabu haitumwi kwenye jarida mpaka mwenzako airudie yote peke yake, kisha akwambie ukweli. Profesa akampa Dakta Lwitiko, aliyekuwa mwanafunzi wake zamani.

Lwitiko alikuwa na donge moyoni. Miaka mitatu nyuma Profesa alimfutia hesabu yake ubaoni mbele ya wanafunzi, akasema, "Karatasi zako hizo kampe muuza chipsi afungie." Darasa zima likacheka. Hakuombwa radhi.

Sasa, kwenye ukurasa wa tisa, akaona palipotakiwa kutoa, Profesa kajumlisha. Kwa hesabu ile hata kijiko cha chai kingepitisha umeme bila kizuizi. Lwitiko akatabasamu. Ngoja ichapishwe, alijisemea, na yeye achekwe.

Akaenda ofisini kwa Profesa.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Umerudia zote?"

"Zote."

"Na ukurasa wa tisa?"

"Uko safi, mzee wangu. Tuma tu."

Profesa akavua miwani. "Haya, baba. Ahsante."

Lwitiko akasubiri jarida. Mwezi ukapita, ikawa mitano, kimya. Mwezi wa sita Profesa akaanguka kwa ugonjwa wa moyo, akafariki.

Baada ya mazishi mjane alimwita Lwitiko achukue mafaili. La juu kabisa lilikuwa na ile hesabu. Kwenye ukurasa wa tisa kosa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni ipo tarehe: siku moja kabla ya yale mazungumzo yao. Chini yake Profesa ameandika:

"Kosa hili nimeliona leo. Lwitiko naye ataliona, jicho lake linanizidi. Akija kunikosoa nitapata pa kuanzia, nimwombe radhi kwa yale ya ubaoni."

Akafunua ukurasa wa kwanza. Majina ya waandishi yalikuwa mawili. La Lwitiko lilitangulia.

"Mama," aliuliza, "aliwahi kunitaja?"

"Mlango ukigongwa tu, alidhani ni wewe."

Funzo: Ukimnyima mwenzako ukweli kwa kinyongo, huenda unaufunga mlango ambao yeye alikuwa anataka kuupitia aje kukuomba msamaha. Kama yupo mtu wa namna hiyo kwako, nakuomba umpigie yeye kwanza, ndipo uwatumie wengine ujumbe huu.