Hema Kwenye Mchanga Mkavu

"Mjuzi wa ziwa ni mgeni wa bahari." Asubuhi mmenisikia nikimwambia Masatu maneno hayo, mkacheka, mkauliza bibi kayatoa wapi. Basi kaeni. Msemo huu ulizaliwa hivi, na mimi nilikuwapo, mtoto wa miaka tisa.

Baba yangu, Mafuru, alikuwa nahodha hapa Musoma. Mtu akizama ziwani, aliyeitwa kumtafuta ni yeye. Mama yetu alitamani sana kuiona bahari, akafa hajaiona. Mwaka uleule Baba akatupakia kwenye pikapu yake, mimi na mdogo wangu Bwire wa miaka miwili, pamoja na turubai, sufuria na kifuko cha udaga, unga wetu wa muhogo. Alisema tutakwenda kumwonea mama yetu bahari.

Tulisafiri siku nne. Tulipoipita Kilwa tuliacha lami, tukafuata njia ya mchanga hadi ufuko usio na nyumba hata moja. Ilikuwa saa nne asubuhi na maji yalikuwa mbali kabisa. Baba akacheka, akasema bahari yenyewe imekauka. Akateremsha gari hadi kwenye mchanga mgumu, akafunga turubai ubavuni mwake. Ndivyo wavuvi wa kwetu wanavyopiga kambi, karibu na maji, kwa sababu maji ya ziwa utayakuta asubuhi pale ulipoyaacha jioni.

Akapita mama mmoja akitoka kuwinda pweza miambani. Jina lake Bi Somoe, ingawa wakati huo hatukumwuliza. Alitusalimu, akamwambia Baba ahamie juu kwenye mivinje, kwani siku hiyo ilikuwa bamvu, siku ambayo bahari hujaa kupita kiasi, na alasiri maji yangefika mpaka kwenye ile miti.

"Mama, mimi nimezaliwa majini," Baba akamjibu. "Maji nayajua."

Bi Somoe hakubishana naye. Alikwenda kuketi kwenye mivinje, akaanza kumpondaponda pweza wake kwa gongo. Mimi nilimwamini, lakini kwetu baba akishasema, mtoto harudii neno. Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma hadi leo.

Mchana Baba akaenda kuitazama miamba, akaniachia Bwire amelala ndani ya turubai. Nilikaa nikiyatazama maji mbele yangu, nayo yalikuwa bado mbali. Sikujua kwamba bahari hupita kwanza kwenye mikondo, ile mifereji ya mchangani. Ilikuja kwa nyuma. Nilipogeuka, kati yetu na mivinje palikuwa na maji yanayokwenda mbio, na gongo la Bi Somoe lilikuwa limenyamaza. Alikuwa ameshaingia, maji kifuani. Akamweka Bwire mabegani, akanishika mkono, tukavuka.

Baba alirudi akiogelea. Alikuta gari limezama hadi madirishani na turubai linaelea tupu. Tulimwita, lakini upepo uliyachukua maneno yetu. Akapiga mbizi, akaibuka, akapiga tena. Sijui mara ngapi. Kila akiibuka alikuwa analitaja jina la mama yangu.

Mwishowe Bi Somoe alivua kanga yake ya kichwani, akaipunga. Baba akatuona.

Alipofika kwetu alimpapasa Bwire mwili mzima, kama asiyeyaamini macho yake. Kisha akampigia goti Bi Somoe. Kwetu mwanamume hampigii goti mwanamke, na Baba sikuwahi kumwona akimpigia mtu yeyote.

"Dada yangu," akasema, "mjuzi wa ziwa ni mgeni wa bahari."

"Inuka, kaka yangu," Bi Somoe akamjibu. "Mgeni si mjinga. Ila apige hodi."

Gari halikuwaka tena. Tulikaa kwa Bi Somoe siku tisa, na kila asubuhi Baba alimwuliza maji yatafika wapi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulirudi kwa basi. Tangu hapo, kila akifika ugenini, aliyatamka maneno yale kwanza, kisha akawatafuta wenyeji.

Sasa wewe Masatu, kesho unaanza kuendesha lori milimani. Najua leseni unayo, na barabara zote za huku unazijua hata ukifumba macho. Ukifika mlima wa kwanza, simama, uwasalimie waliozaliwa pale, uwaulize breki huwashinda watu kona ipi. Usione haya. Babu wa baba yako aliona haya kuuliza, dakika moja tu, na haya hiyo nusura imgharimu Bwire, na Bwire ndiye babu yako.

Mjuzi wa ziwa ni mgeni wa bahari.