Firigisi ya Nyangoma

Hapo zamani, vita vilipowapeleka vijana wetu kulinda mji wa watu ng'ambo ya mpaka, nyuma ya soko la mji huo alikaa mwanamke, Nyangoma. Kazi yake umalaya. Msijikohoze, neno mnalijua.

Askari watatu walimjua, kila mmoja kwa namna yake.

Semboja, mtu wa msikitini, akipita mlangoni pake hutema mate. "Kuni za jehanamu wewe!" Na alikuwa akizunguka soko zima ili apate kupita pale kutema.

Machumu aliingia kila akipata ruhusa, akatoka anapiga mluzi. "Anauza, nanunua. Mbona muuza vitumbua hamumsemi?"

Mpangala aliingia kunywa chai. Naam, chai! Akamwita dada, akamsimulia habari za kwao mpaka birika likakauka. Wakikutana barabarani, Mpangala anatazama mawingu.

Basi mkuu wa mji akaamka na uchamungu wake, akaleta lori sokoni. "Asiye na mume apande! Nawatupa huko huko vitani!"

Nyangoma akapandishwa, jogoo wake kwapani.

"Mshusheni! Mke wangu huyo!"

Nani? Semboja! Soko likacheka mpaka nyanya zikamwagika.

"Mkeo?" mkuu akauliza. "Haya, ana alama gani mwilini?"

Semboja mdomo wazi kama mtungi. Angejuaje? Machumu akamsogelea, akamnong'oneza.

"Kovu!" Semboja akapaza sauti. "Paja la kushoto!"

Wanawake wakamzungushia Nyangoma kanga, wakakagua. Kovu lipo!

"Na shahidi wa ndoa?"

Mpangala akashusha macho kutoka mawinguni. "Mimi. Ni shemeji yangu, chai yake nainywa kila siku."

Nyangoma akashushwa. Akamchinja jogoo, akawaita wote watatu. Firigisi, mnajua, huliwa na mwenye nyumba. Akaiinua kwenye upawa.

"Uongo umenishusha lorini. Sasa nataka mume wa kweli. Nitakayempa hii ndiye, na kwa mama yake nitakwenda."

"Yangu!" akasema Semboja. "Nimeiweka pepo yangu rehani kwa ajili yako. Nani mwingine alipaza sauti?"

"Na mate yako je?"

"Bila mimi angebaki ameachama," akasema Machumu. "Tena sikuwahi kuona haya kuingia kwako."

"Kuingia hukuona haya, Machumu. Mbona kusema ulinong'ona?"

"Mimi peke yangu nilikuita dada," akasema Mpangala.

"Basi kaa hivyo hivyo, kaka!" wenzake wakamrukia. "Dada haolewi na kaka yake!"

Nyangoma akacheka mpaka upawa ukatikisika, lakini firigisi hajampa mtu.

Na wewe huko nyuma, usiniambie aile mwenyewe. Mume anamtaka, kasema kwa kinywa chake. Haya, wenye midomo, mchuzi unapoa: je, nani alistahili firigisi?